Kifua kinabana: kabla ya kutafuna dawa ya vidonda, soma hapa

Tabibu_Tororo (mwanzisha uzi)

Salaam nyote. Wiki haipiti humu bila mtu kuandika "kifua kinanibana, nitumie dawa gani?" na majibu huwa yale yale: tafuna magnesiamu, kunywa maziwa, acha pilipili, hivyo ni vidonda vya tumbo tu. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya upande wa Tororo, mashariki mwa Uganda, na majibu hayo yananikosesha usingizi. Wagonjwa wa moyo wanaotufikia wakiwa wamechelewa, wengi wamepitia kwanza kwenye dawa ya vidonda. Wameitafuna jioni, wakairudia usiku, asubuhi ndipo wanaletwa wakiwa wamebebwa.

Kwa hiyo naandika kwa urefu. Mwenye swali aulize, nitajibu kila nikipata nafasi zamu ikiisha.

Jambo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote nitakayoyasema: ukiwa nyumbani huwezi kujua kama ni vidonda au ni moyo. Hata sisi, kwa macho na stethoskopu peke yake, mara nyingi hatujui. Neva za moyo na za umio (njia ya chakula) huingia kwenye uti wa mgongo sehemu zinazokaribiana, kwa hiyo ubongo unapokea taarifa ya maumivu bila kujua vizuri yametoka wapi. Ndiyo maana mtu wa moyo anaweza kusikia kiungulia kitupu, akacheua, akapata nafuu kidogo, na bado moyo ukawa unakufa kipande kwa kipande. Acheni kubishana kuhusu ugonjwa gani. Swali la nyumbani ni moja: maumivu haya ni ya kusubiri kesho, au ni ya kuondoka sasa hivi?

Tazama yameanzaje. Maumivu ya moyo kwa kawaida hubana, hukandamiza, huwa mazito. Wazee wengi hata hawasemi "nauma", wanasema "kuna kitu kimenikalia hapa". Angalia na mkono wake. Mwenye msuli uliovutika hukuonyesha kwa kidole kimoja, hapa, mahali padogo kama shilingi. Mwenye moyo mara nyingi hukunja ngumi akaiweka katikati ya kifua, au huweka kiganja kizima. Si kipimo cha kuapia, lakini nikiiona ngumi ile mlangoni huwa nasimama kabla hajakaa. Maumivu yanaweza kwenda kwenye bega, mkono wa kushoto, wa kulia au yote miwili, shingo, taya, kati ya mabega mgongoni, au yakakaa pale kwenye chembe ya moyo tu na kila mtu akasema tumbo.

Tazama yamekuja na nini. Kijasho chembamba cha baridi wakati wengine hawatoki jasho. Kichefuchefu na kutapika. Pumzi kukata. Kizunguzungu, kuzirai. Kwa ngozi zetu usitafute weupe usoni, tazama midomo, ndani ya kope la chini, na viganja. Mtu akikwambia anahisi kabisa anakufa, usimwambie aache woga. Wagonjwa wengi wa mshtuko wa moyo husema hivyo.

Halafu tazama yamempata nani. Mwenye presha ya kupanda, mwenye sukari, mvuta sigara, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye baba au kaka aliyeondoka ghafla akiwa bado na nguvu, anayeishi na VVU kwa miaka mingi. Kwa hawa, hata maumivu madogo nayapa uzito.

Kanuni yangu: kifua kinabana na mtu amekaa hafanyi kazi, au kumebana zaidi ya dakika 15, au kumekuja na jasho, pumzi, kutapika au kuzirai, ondoka. Usiku, mvua, sikukuu, ondoka.

Kuna maumivu ya namna nyingine yanayodanganya. Kifua kinabana ukipanda kilima, ukibeba gunia au ukitembea haraka baada ya kula, ukisimama dakika chache kinaachia. Watu wanaita uchovu au uzee. Hiyo ni mishipa ya moyo iliyobanwa inalalamika mapema, na ni bahati kuonywa. Huyo anahitaji kupimwa ndani ya siku chache. Lakini ikianza kuja kwa kazi ndogo kuliko zamani, au mara nyingi zaidi, au ikamkuta kitandani, haisubiri tena.

Na si moyo peke yake unaoua kupitia kifua. Mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo unaweza kuchanika: maumivu hufika kileleni ghafla, ya kupasua, yakielekea mgongoni, hasa kwa mtu wa presha ya miaka mingi asiyemeza dawa. Bonge la damu linaweza kutoka mguuni likaziba mapafu: pumzi hukata ghafla, kichomi kila ukivuta hewa, pengine damu kwenye makohozi, na mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake. Kina mama waliojifungua karibuni, waliofanyiwa upasuaji, waliolala kitandani muda mrefu, hilo ni lenu hasa. Pafu nalo linaweza kuvuja hewa, kwa kijana mrefu mwembamba au mtu aliyeugua kifua kikuu. Hayo yote nyumbani hayatibiki.

La kufanya wakati gari linatafutwa. Mkalishe, mgongo umeegemezwa, asitembee hata kwenda chooni. Aspirini ya miligramu 300, aitafune, asiimeze nzima, kwa sababu ikitafunwa inaingia kwenye damu haraka. Zile ndogo za 75 ni nne. Asipewe kama ana mzio nayo, kama anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami, au kama maumivu ni yale ya kupasua hadi mgongoni. Msimpe diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Msimpe pombe ya waragi "ya kupasha damu". Asiendeshe gari wala pikipiki mwenyewe.

---

Dereva_Malaba

Asante sana daktari. Mimi ni wa malori, Mombasa–Kampala, mara nyingine hadi Juba. Hili la kupanda kilima limenigusa. Nikifunga turubai au nikibadilisha tairi, kifua kinakaza hapa katikati na mkono wa kushoto unakuwa mzito. Nikikaa kwenye ngazi ya lori kinaachia. Nina miaka 52, presha niliambiwa ninayo lakini dawa niliacha kwa sababu nilijisikia mzima. Usiku barabarani natafuna mairungi (miraa) nisilale. Nilidhani ni mairungi na uchovu.

---

Tabibu_Tororo

Kaka, ulichoandika ndicho kile kile nilichokieleza, na nakuomba usikipuuze. Kukaza kwa kazi na kuachia kwa kupumzika, mkono mzito, miaka 52, presha isiyo na dawa. Mairungi nayo huharakisha mapigo, hupandisha presha na hubana mishipa, na imehusishwa na mshtuko wa moyo kwa watu waliokuwa na mishipa iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo mairungi inaweza kuwa na sehemu yake, lakini haimaanishi moyo ni mzima.

Tafuta hospitali yenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, wiki hii. Uwaambie hivi hivi ulivyotuambia sisi: inakuja nikifanya nini, inakaa muda gani, inaachia nikifanya nini. Usiseme tu "kifua kinauma". Na ufahamu hili: ECG ukiwa umetulia kitandani inaweza kutoka safi kabisa hata mishipa ikiwa imebana, kwa sababu wakati huo moyo haulalamiki. Ikitoka safi, waulize kuhusu kipimo cha kutembezwa kwenye mashine au kupelekwa kwa mtaalamu wa moyo.

Mpaka upimwe, mtu mwingine aendeshe. Jambo moja la kiume ambalo wengi huona haya kulisema: kama unatumia vidonge vya kuongeza nguvu, mwambie daktari kabla hajakuwekea dawa ya moyo chini ya ulimi. Hizo mbili zikikutana, presha huporomoka vibaya.

---

Lumumba256

Kwa heshima, naona tunatishana. Haya magonjwa ya moyo ni ya Wazungu na ya matajiri wa Kololo wanaokula nyama ya kukaanga. Sisi tunalima, tunatembea, tunakula matoke na maharage. Babu zetu walikufa kwa homa.

---

Nesi_Mbarara

Ndugu Lumumba, nakujibu kwa upendo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 17.9 vya magonjwa ya moyo na mishipa mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko ndiko tuliko. Wodini kwetu mwenye gari na mwenye jembe wanalala vitanda vinavyopakana.

Na hapa Uganda moyo una njia zake nyingine za kuumia ambazo hazina habari na nyama. Mtoto anapata koo linalouma kwa bakteria, halitibiwi, halafu mwili unaanza kushambulia valvu, yaani vilango vya moyo wake. Miaka inapita. Binti anafika umri wa kuzaa, anabeba mimba, moyo unazidiwa, anakuja amekata pumzi na kifua kimebana. Wasichana hawa tunawaona, wembamba, wachapakazi, hawajawahi kuonja chipsi. Kuna pia ugonjwa wa utando wa ndani ya moyo kukakamaa. Huo ulielezwa hapa hapa nchini, hospitali ya Mulago, Kampala, na daktari J.N.P. Davies mwaka 1948, na wagonjwa wake wengi walikuwa watoto na vijana wa familia maskini. Wao huvimba tumbo zaidi kuliko kuumwa kifua, lakini nataka uone kwamba moyo haumchagui tajiri.

Kuhusu presha, mkulima anaweza kuwa nayo miaka na miaka asijue, kwa sababu haiumi.

---

Lumumba256

Nimekuelewa dada. Presha sijawahi kupima. Nitapima.

---

Mwana_wa_Arua

Mjomba wangu mwaka jana alianza kuumwa taya na mkono wakati wa magharibi. Tulidhani jino. Alikwenda kliniki moja mjini, wakamdunga diklofenaki, wakampa dawa za vidonda na za malaria pamoja, wakamwambia akalale. Alitoka jasho hadi shati likaloa. Alfajiri tukamkuta amekwisha. Hakuna aliyempima presha hata. Nauliza, tungedai nini pale kliniki? Sisi si madaktari.

---

Tabibu_Tororo

Pole sana ndugu yangu. Mungu amrehemu mjomba.

Mna haki ya kudai, na maneno yenyewe ni machache. Sema: "Tunaogopa ni moyo. Tunaomba apimwe ECG sasa hivi. Kama hamna, tuandikieni rufaa tuondoke." Sema wazi neno moyo. Mhudumu aliyechoka, akiwa na foleni ya wagonjwa wa homa, husikia "jino" au "tumbo" akaandika jino au tumbo. Akisikia "tunaogopa ni moyo" inambidi ajibu.

ECG ni kipimo cha dakika chache. Vibandiko sita vya kunata kifuani, vinne mikononi na miguuni, karatasi inatoka na mistari. Haichomi, haipitishi umeme mwilini, inasikiliza tu. Mahali penye mashine hiyo, mwenye maumivu ya kifua yanayotia shaka anatakiwa awe amepimwa ndani ya dakika 10 tangu kuingia mlangoni. Hiyo ndiyo miongozo ya dunia nzima, na mnaruhusiwa kuitaja. Kipimo cha damu kinachoitwa troponini huonyesha kama msuli wa moyo umeumia, lakini mapema sana kinaweza kuwa bado hakijapanda, ndiyo maana hurudiwa baada ya saa chache. Kwa hiyo ECG moja safi na troponini moja safi, huku mtu bado anabanwa na anatoka jasho, si ruhusa ya kurudi nyumbani. Ombeni abaki, arudiwe.

Kwa nini haraka? Kwa sababu kilichoziba mshipa kwa kawaida ni bonge la damu, na kuna njia za kulifungua. Iko dawa ya kuliyeyusha inayotiwa kwenye mshipa wa mkono, na iko njia ya kupitisha mrija mwembamba hadi kwenye moyo na kuufungua mshipa kwa kiputo kidogo. Hiyo ya mrija inafanyika Kampala, kwa mfano pale Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago. Dawa ya kuyeyusha hufaa zaidi saa za mwanzo kabisa, na baada ya saa 12 faida yake inakuwa ndogo mno. Sasa hesabu mwenyewe: Tororo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Arua ni mbali zaidi ya hapo. Mtu akipoteza usiku mzima na magnesiamu, hata akifika Mulago, muda mwingi wa kuokoa ule msuli umekwisha.

---

Mama_Bombo

Assalaam aleikum. Mama yangu mzazi ana sukari miaka mingi. Yeye hakulalamika kifua hata siku moja. Aliamka amechoka kupita kiasi, anatoka jasho, anatapika, hana pumzi ya kwenda uani. Tukasema malaria. Kipimo cha malaria hakikuona kitu, wakatupa dawa ya malaria hata hivyo. Alipopelekwa hospitali kubwa ndipo wakasema moyo ulishapata mshtuko. Alhamdulillah yu hai, lakini hawezi kazi tena. Inawezekanaje mshtuko wa moyo bila maumivu?

---

Tabibu_Tororo

Waaleikum salaam mama. Inawezekana, na kwa watu wa sukari si ajabu. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva, zile za miguu ambazo mtu anakanyaga msumari hasikii, na za moyo vile vile. Moyo unaumia, kengele haipigi. Kinachobaki ni jasho, kutapika, pumzi na uchovu ambao hauna sababu. Wanawake pia, hata wasio na sukari, mara nyingi huja na kichefuchefu, uchovu, maumivu ya mgongo au taya pamoja na kifua, au kifua kikiwa kidogo tu, na ndiyo maana hucheleweshwa kuliko wanaume. Wazee sana vivyo hivyo: wakati mwingine dalili ni kuchanganyikiwa au kuanguka tu.

Kwa hiyo kwa mwenye sukari msisubiri kifua. Jasho la ghafla na kukosa pumzi ni kifua tosha. Mpimeni sukari hapo hapo, kwa sababu ikishuka nayo hutoa jasho. Ikiwa iko sawa, ondokeni.

Na hili la malaria kila mtu alishike: kipimo kikisema hakuna malaria, basi uliza "ni nini?" Usikubali dawa ya malaria iwe jibu.

---

Kijana_Kisenyi

Kuna ujumbe unazunguka WhatsApp, tuliupata hata sisi kikundi cha Wakongomani hapa Kisenyi. Ukisikia mshtuko wa moyo na uko peke yako, kohoa kwa nguvu mfululizo, moyo utaendelea. Ni kweli?

---

Nesi_Mbarara

Si kweli kwa namna inavyoenezwa. Kukohoa hutumika mara chache hospitalini, mgonjwa akiwa kwenye mashine na daktari kasimama pembeni, kwa aina fulani ya mapigo yaliyovurugika. Nyumbani kutakupotezea dakika na nguvu. Ukiwa peke yako: fungua mlango, piga simu au mwite jirani kwa sauti, tafuna aspirini, kaa chini. Mlango uliofungwa kwa ndani umewapoteza watu.

Na mtu akianguka, haitiki, hapumui au anahema kwa kukwama-kwama, huyo moyo umesimama. Hapo msimmwagie maji. Mlaze chali pahali pagumu, weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, mikono imenyooka, ukandamize kwenda chini kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Usisimame mpaka msaada ufike, mpokezane mkichoka. Hofu ya kuvunja ubavu iacheni, ubavu hupona.

---

Mama_Jinja

Mimi nina mtoto wa selimundu, ana miaka tisa. Kila akiwa na maumivu ya mifupa nampa dawa na maji mengi nyumbani, tumezoea. Wakati mwingine anasema kifua. Je, hicho nacho ni cha nyumbani?

---

Tabibu_Tororo

Hapana mama, kifua si cha nyumbani. Huko kwenu Busoga watoto wa selimundu ni wengi, kwa hiyo nawaomba wazazi wote mlisome hili. Seli zile za damu zenye umbo la mundu zikikwama kwenye mapafu, mtoto anapata maumivu ya kifua, homa, kikohozi, anahema haraka. Inaweza kuanza katikati ya maumivu ya kawaida ya mifupa, ndiyo maana mzazi anadhani ni yale yale. Ni moja ya sababu kubwa zinazowaua. Mtoto wa selimundu akisema kifua, au akiwa na homa, au akihema haraka kuliko kawaida, nenda hospitali yenye oksijeni na damu ya kuongezewa. Muhesabie pumzi akiwa ametulia, mpandishe nguo uone kama ngozi kati ya mbavu inaingia ndani kila akivuta hewa. Ukiona hivyo usikae kutafuta nauli kamili, anza safari.

---

Mwanachuo_KLA

Nina miaka 21. Wakati wa mitihani napata kichomi upande wa kushoto, kama sindano, sekunde chache kinaondoka. Wakati mwingine moyo unapiga mbio, vidole vinakufa ganzi, nahisi nitakufa. Nimesoma uzi huu sasa naogopa zaidi.

---

Tabibu_Tororo

Pole mdogo wangu, sikuandika ili uogope. Maumivu ya sindano ya sekunde chache, kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine, mara chache sana huwa ni moyo. Ukibonyeza kwa kidole pale mbavu zinapokutana na mfupa wa kifua na maumivu yakaja yale yale, kuna uwezekano mkubwa ni gegedu au msuli. Moyo kwenda mbio na vidole kufa ganzi wakati wa hofu ni kwa sababu unahema haraka mno. Si uongo wala uvivu, mwili wako unafanya hivyo kweli, na kuna msaada wake.

Nenda mara moja kwenye zahanati ya chuo wakupime, wakusikilize valvu, waangalie damu na tezi ya shingo. Wakikuta uko sawa, uamini. Ila kama umewahi kuzirai ukiwa unakimbia au unacheza mpira, au kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, waambie hilo kabla ya lingine lolote.

Na kwa kuwa nimewakemea watu wa magnesiamu, niwe wa haki: kiungulia kipo, tena kingi. Kinachopanda baada ya kula, kikizidi ukilala au ukiinama, na maji machungu yanafika kooni, kwa mtu mwenye umri mdogo asiye na presha wala sukari, tibu tumbo. Maumivu ya kuunguza upande mmoja tu wa kifua kama ukanda, na siku chache baadaye malengelenge yanatokea hapo hapo, ni mkanda wa jeshi. Kikohozi cha muda mrefu, jasho la usiku na kukonda, kapime kifua kikuu. Vyote hivyo vina nafasi ya kesho.

---

Mwana_wa_Arua

Swali la mwisho daktari. Kijijini kwetu kuna kituo cha afya daraja la tatu, ECG hakuna. Hospitali iko mbali. Tupitie kituoni au tupite moja kwa moja? Na mara nyingi hakuna gari, ni boda tu.

---

Tabibu_Tororo

Kama gari lipo tayari na hospitali mnaifikia bila kuchelewa sana, piteni moja kwa moja, mkipiga simu mbele ili wajue mnakuja. Kama gari halipo, kituo kina kazi yake: watampima presha, watampa aspirini, watamwekea njia ya mshipa, na wao ndio wanaojua namba ya ambulensi ya wilaya. Kosa ni kulazwa kituoni "tumwangalie hadi asubuhi".

Boda si njia nzuri, lakini ikiwa ndiyo iliyopo, mgonjwa akae katikati, dereva mbele, ndugu mwenye nguvu nyuma akimshika kwa mikono yote miwili, mgongo wa mgonjwa umeegemea kifua chake. Dereva aende kwa utaratibu. Mtu wa moyo akizirai njiani asipokuwa ameshikwa anaanguka. Nendeni na boda ya pili ikiwezekana, ibebe blanketi na fedha.

---

Dereva_Malaba

Nimemwachia mwenzangu lori hapa hapa mpakani. Kesho asubuhi naenda Mbale kupima. Nibebe nini?

---

Tabibu_Tororo

Vizuri sana kaka. Beba vidonge vyote unavyomeza, hata vya duka na vya miti shamba, kwenye mfuko mmoja. Karatasi ya presha ya zamani kama ipo. Andika inakuja ukifanya nini na inakaa dakika ngapi. Usitafune mairungi usiku huu, na usinyanyue kitu kizito. Mwenzako wa karibu alale akijua una nini, simu yako isizimwe. Aspirini ziwe mfukoni mwa shati. Na ikikubana leo usiku ukiwa umekaa au umelala, safari ya kesho inakuwa ya saa hiyo hiyo.